Nimepewa timu ya frontendi kwenye kampuni ya sola, naongozaje bila kuishia kubandika majani ya kijani kwenye tovuti?

binti_skrini ameandika:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo hasa kwa waliowahi kuongoza timu ya frontendi (upande wa skrini, kile mtumiaji anachokiona na kubonyeza) kweli kweli, sio nadharia za YouTube maana hizo nimeshaziangalia mpaka bando limekata.

Niko Arusha, kampuni yetu inauza mitambo midogo ya sola kwa malipo kidogo kidogo, yaani mteja analipa kwa simu, anapata tokeni, anaingiza kwenye kifaa, taa zinawaka, siku zikiisha kinajizima mpaka alipe tena. Mnaijua hiyo biashara. Nilikuwa developa wa kawaida tu, sasa aliyekuwa anatuongoza kaondoka na kiti nikapewa mimi. Tuko watano. Tuna vitu vitatu mikononi: tovuti ya kampuni, apu ya mawakala na mafundi (ni PWA, yaani tovuti inayofanya kazi kama apu, inafunguka kwenye Chrome), na dashibodi ambayo menejimenti na wawekezaji wanaangalia.

Sasa bosi katoka kwenye kongamano huko akaja na mambo. Anataka nembo ya jani kwenye tovuti iseme kurasa zetu ni za kijani, anataka mandhari meusi kila mahali kwa sababu kaambiwa inaokoa umeme, na anataka ukurasa wa mbele uwe na kijiji kinachozunguka kwa 3D halafu namba kubwa inapanda pale "tani za kaboni tulizookoa". Anasema sisi ni kampuni ya mazingira kwa hiyo lazima TUONEKANE wa mazingira. Wakati huo huo apu ya mawakala ukiifungua kwenye itel ya RAM 2GB unaweza ukaagiza chai ikaja ukaanza kunywa ndio fomu inatokea.

Jambo la pili ni la watu. Kwenye timu kuna bro mmoja kanizidi umri sana, kila asubuhi namwamkia shikamoo, halafu saa nne natakiwa nikatae PR yake (ombi la kuingiza mabadiliko yake kwenye programu) maana kaleta laibrari nzima ya chati kwa ajili ya kuchora mistari miwili. Nakwambia inanitoa jasho. Na upande wa pili kuna vijana wawili wao kila kikao ni "tuhamie Svelte, tuhamie Svelte", kwamba React, zana tunayojengea apu sasa, ndio inayotuchelewesha.

Na la mwisho, niendelee kuandika kodi (code) au niache? Maana nikiandika vikao vinanidai, nikihudhuria vikao naona kama nimekuwa karani.

Hapo mtu anaanzia wapi? Tiririkeni.

---

mzee_wa_seva amejibu:

Hongera sana kaka kwa cheo. Kabla ya yote nikupe pole maana kuongoza frontendi kampuni yoyote ni kazi ya kugombana na kila idara, kila mtu ana macho kwa hiyo kila mtu anajiona disaina.

Mimi naanzia kwenye hayo ya bosi maana ndiyo rahisi kuyamaliza kwa hoja. Mandhari meusi yanaokoa chaji kwenye skrini za OLED peke yake, kwa sababu kule kila pikseli inajiwasha yenyewe, nyeusi ni pikseli iliyozima. Skrini za LCD taa ya nyuma inawaka muda wote hata ukiweka rangi nyeusi kama usiku wa Jangwani bila umeme. Sasa simu za mawakala wako, hizo itel na Tecno za bei ya chini, nyingi ni LCD. Faida ni sifuri. Hata kwenye hizo OLED, watafiti wa Purdue kule Marekani walipima mwaka 2021 wakakuta kwenye mwanga wa kawaida ambao watu wanatumia, asilimia 30 hadi 50, unaokoa kama asilimia 3 mpaka 9 tu. Ule uokoaji mkubwa unaosikia, asilimia 39 na kuendelea, ni pale mwanga ukiwa umepandishwa mpaka mwisho. Mpe hiyo bosi. Usimwambie hapana, mwambie tutaweka kama chaguo la mtumiaji mwishoni, sio kazi ya robo hii.

Sasa vijana wa Svelte. Kwa uzoefu wangu apu ikiwa nzito mara nyingi sio React yenyewe. Fungua ripoti ya mzigo wa Javascript (ile kodi inayoendeshwa ndani ya brauza) uone kimo ndani, utakuta laibrari ya tarehe imekuja na lugha zote za dunia, utakuta aikoni mia tatu mnatumia sita, fonti nne, na hivyo vifuatiliaji watu wa masoko walivyopachika wakaondoka kampuni vikabaki. Wape hao vijana kazi hiyo. Waambie kabla hatujaongelea kuhama, punguzeni nusu ya kilichopo, mkishindwa ndio tuongee. Ama watashindwa na utakuwa na ushahidi, ama wataweza na hamtahama. Kama React inakukera kweli kuna Preact, ndugu yake mwepesi, ni kilobaiti chache tu na mnaweza kubadili bila kuandika upya apu nzima, lakini tesiti kwanza.

Halafu weka bajeti. Simaanishi ya hela. Namaanisha mnakubaliana kama timu kwamba ukurasa wa kwanza wa apu ya wakala hauzidi kilobaiti kadhaa za Javascript, mnaiandika kwenye mfumo unaokagua kila PR, ikizidi inagoma yenyewe na alama nyekundu. Hapa ndipo dawa ya huyo bro wako ilipo. Wewe ukimkataa mbele za watu ni kijana kamkatalia mkubwa wake. Mfumo ukimkataa, mashine haijui shikamoo. Anarudi mwenyewe kupunguza, na heshima yenu inabaki palepale.

---

kipanga255 amejibu:

@mzee_wa_seva ni dada huyo, jina limeandikwa binti 😂

---

mzee_wa_seva amejibu:

Aisee dada samahani, nilisoma kichwa cha habari nikarukia kujibu. Mengine yote yanabaki vilevile.

---

Nyundo amejibu:

Mimi nije na maji baridi kidogo. Hii habari ya frontendi ya kijani kwa asilimia kubwa ni watu wa Ulaya kujifurahisha.

Tufanye hesabu ya kwenye karatasi. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za CO2. Fuso limebeba betri na paneli zenu kutoka Dar kwenda Singida ni kilomita mia saba hivi, tuseme linakula lita 27 kwa kila kilomita mia, hapo ni kama lita 190, unapata kilo mia tano na kitu za CO2 kwa safari moja ya kwenda tu. Sasa hizo kanuni za makadirio ya tovuti, ukurasa mmoja kufunguliwa inakuja kama nusu gramu hivi, inategemea uzito na nani anakadiria. Yaani Fuso moja kwenda Singida ni sawa na ukurasa wenu kufunguliwa mara milioni moja. Tovuti yenu inafunguliwa mara milioni kwa mwaka? Sidhani, samahani lakini sidhani.

Kwa hiyo dada ukiumiza kichwa kupunguza picha ili "uokoe dunia" unapoteza muda wa mwajiri. Punguza picha kwa sababu wakala ananunua bando kwa hela yake. Hiyo sababu inatosha kabisa, haihitaji dunia.

---

binti_skrini amejibu:

@Nyundo hesabu yako nimeipenda, nitaipeleka kikaoni kama ilivyo 😅 ila sasa inanirudisha palepale, kama frontendi haina mchango wowote kwenye mazingira basi timu yangu kazi yake ni nini zaidi ya urembo? Vijana wengine walikuja hapa wakakataa kazi ya benki yenye mshahara mkubwa, kwa sababu wanataka wafanye kitu cha maana. Nikiwaambia ni bando tu wataondoka.

@mzee_wa_seva hiyo ya mashine kukataa badala yangu nimeishika, asante sana mkuu.

---

fundi_wa_kati amejibu:

habarini, mimi sio mtu wa kompyuta ni fundi wa sola nazunguka manyoni, itigi, na vijiji vya ndani huko, nimewahi kufanya na kampuni mbili za aina hii sitazitaja, huu uzi nimetumiwa na shemeji yangu anasema hebu soma wanakuongelea nyie

dada unauliza timu yako kazi yake nini nikuambie kwa upande wetu. mteja anapiga simu taa haziwaki, mtu wa huduma kwa wateja anaandika tiketi "mfumo haufanyi kazi" basi, mimi naipata kwenye apu hiyo sentensi moja, nawasha pikipiki naenda kilomita hamsini barabara ya vumbi nafika nakuta waya wa paneli umechomoka kuku kaupitia, au tokeni imekosewa namba moja, au paneli imefunikwa na vumbi na majani ya mwembe. sio ugonjwa wa betri hata kidogo. narudi. na mara nyingine ndio mbaya zaidi, fundi hana muda wa kupima anabadilisha betri nzima kwa sababu fomu ya apu ina kitufe cha "badilisha betri" tu, haina "nimesafisha paneli" wala "nimekaza waya", sasa ile betri nzima inarudishwa stoo inakaa huko inakufa kweli, halafu inaitwa taka

na fomu yenyewe ukijaza ukafika mwisho ukabonyeza tuma, mtandao hakuna, inazunguka inazunguka, unarudisha nyuma, vyote vimefutika. kesho yake unarudi kwa yule mteja kupiga picha upya maana picha nazo zimeondoka. mafuta ya pikipiki hayo ni yangu nalipwa kwa kazi iliyokamilika

sasa huyo jamaa anayesema fuso, sawa fuso ni kubwa lakini pikipiki zetu zinatoka kila siku. mkiweza fomu iulize maswali matatu kabla hatujatoka, taa ya kiashiria ina rangi gani, mara ya mwisho uliingiza tokeni lini, paneli iko juani, nusu ya safari hazipo. hiyo ni kazi ya kwenye skrini au sio ya kwenye skrini

---

mzee_wa_seva amejibu:

@fundi_wa_kati umemaliza. Dada screenshoti hii post uibandike ukutani ofisini, hiyo jani la kijani waachie watu wa masoko.

---

Nyundo amejibu:

Hapo nimekubali, hiyo siyo gramu tena. Betri nzima kubadilishwa bure ni hasara ya aina nyingine kabisa, kuanzia ilipochimbwa. Lakini tusichanganye, hilo linaitwa fomu nzuri, haliitwi tovuti ya kijani.

---

wanjiku_dev amejibu:

Niaje watu wa Bongo. Mimi niko Nairobi, nimekuwa nikiongoza frontendi kwa kampuni ya majiko na kabla ya hapo kwa watu wa pikipiki za umeme, so hii story naijua vizuri.

Binti, swali lako la kuandika kodi ama kuacha. Usiache, lakini toka kwa njia ya wengine. Ukichukua ile kazi kubwa ya wiki mbili alafu kila siku uko kwa mkutano, timu nzima inakungoja wewe. Mimi huchukua vitu vidogo ambavyo hakuna mtu anavipenda, kurekebisha tesiti zenye zimevunjika, kuandika maelezo, kufuta kodi ya zamani. Na kuriviu. Riviu ndio kazi yako kubwa sasa, na usiiandike kama polisi. Uliza. "Hii laibrari tunaihitaji kwa nini, tukichora na SVG ya kawaida, ile michoro brauza inaelewa yenyewe, tutapoteza nini?" Mtu mzima akiulizwa hivyo anafikiria, akiambiwa "toa" anakasirika, na hiyo haina Kenya wala Tanzania.

Kuhusu huyo mzee mwenye umemwamkia, mpe kitu kiwe chake. Hapa fundi amekupatia kitu, ile fomu ya kazi za nje. Mwambie tunataka fomu isipoteze kitu hata simu ikizima katikati. Hiyo inataka mtu mwenye amekomaa juu sio kazi ya urembo. Unaweka kila herufi mtumiaji ameandika kwa IndexedDB, ile hifadhi ya ndani ya brauza, pale pale kwa simu, usingoje abonyeze tuma. Kila fomu inapewa namba yake ya kipekee hapo hapo kwa simu kabla ifike kwa seva, ndio hata ikitumwa mara tatu juu ya mtandao mbaya bekendi inajua ni kitu moja. Picha inapunguzwa ndani ya simu kabla itumwe, kamera ya simu inatoa picha ya megabaiti tatu ama nne na nyinyi mnataka tu kuona taa ni nyekundu ama kijani, kilobaiti mia mbili zinatosha sana. Alafu ile fomu ionyeshe wazi wazi: "imehifadhiwa kwa simu, bado haijatumwa". Watu wa nje wakijua kazi yao haijapotea hata hawataki kasi, wataendelea na safari yao ikitumwa baadaye wakifika penye mtandao. Hii kitu savisi woka, ile skripti inafanya kazi nyuma ya ukurasa, inaweza fanya kwa Chrome ya Android bila shida, kwa iPhone usitegemee hiyo ya kutuma kwa nyuma lakini sidhani mafundi wenu wako na iPhone.

Kitu ingine, nunueni simu ya mawakala. Si kuiga kwa laptop ati umebonyeza "punguza kasi ya CPU". Simu yenyewe, itel ile ile, na laini ya 3G, ikae kwa meza ya timu, na hakuna kazi inaitwa imeisha kabla ifunguliwe kwa hiyo simu. Hii inamaliza mabishano mengi ya Svelte, juu mtu anaona na macho. Tangu Machi 2024 Google walibadilisha kipimo wakaleta INP, yaani muda kutoka ubonyeze mpaka skrini ionyeshe kitu, wanataka isizidi milisekunde 200. Kwa laptop ya ofisi utapita. Kwa hiyo itel utalia.

Na hapo ndipo mazingira yako kweli, @Nyundo ata wewe sikiza. Kwa simu, karibu asilimia 80 ya kaboni yake yote ni ya kuitengeneza, sio ya kuichaji, hata ripoti za Apple kwa simu zao zinasema hivyo. Apu yako ikikataa simu ya miaka mitano, wakala ananunua ingine. Hiyo simu ingine iko na kobalti, madini ya betri, na kobalti nyingi ya dunia, kama asilimia 70, inachimbwa Kongo, kina Kolwezi huko. So kusapoti simu ya zamani sio huruma. Andika kabisa kwa timu yenu: tunasapoti toleo hili la Android mpaka lini, na nani anaamua kuliacha. Sisi tuliandika na mkurugenzi akaweka sahihi, na disaina yeyote akikuja na animesheni nzito tunamwonyesha hiyo karatasi.

---

kipanga255 amejibu:

Dada wa Nairobi amejibu kuliko kozi niliyolipia. Swali dogo, wateja wenyewe wenye vitochi mnawafanyaje? Maana mimi bibi yangu ana sola hizo na hana simu janja kabisa.

---

wanjiku_dev amejibu:

@kipanga255 USSD na SMS. Watu wa frontendi huwa wanasahau kwamba hiyo pia ni frontendi. Menyu ya nyota na reli ikiwa na hatua saba huyo bibi atapotea kwa ya nne. Na ile SMS ya tokeni, gawanya namba kwa makundi ya tatu tatu ama nne nne, usimtumie mtu namba ndefu imeshikana kama reli ya Mombasa. @fundi_wa_kati amesema tokeni kukosewa ni safari ya bure, hiyo unaitibu na nafasi tupu mbili kwa SMS.

---

mpwani_berlin amejibu:

Assalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Mimi mtu wa Tanga, kazi yangu ni hii hii ila niko Berlin. Nimefuatilia, mmeongea vizuri, ila hakuna aliyeligusa la namba inayopanda kwenye ukurasa wa mbele na mimi naona hilo ndilo lenye moto.

Mwanangu binti_skrini, ile "tani za kaboni tulizookoa" usiiweke hewani mpaka mtu akuandikie imetoka wapi. Siyo imani, karatasi. Nani kakokotoa, kwa kulinganisha na nini (taa ya koroboi? jenereta? umeme wa gridi?), mtambo uliozimwa kwa kutolipa unahesabiwa au hauhesabiwi, uliokufa mwaka jana bado unaokoa kaboni humo kwenye dashibodi? Maana nimeona dashibodi, siitaji ya nani, ambayo ile namba ilikuwa ni hesabu ya Javascript tu: sekunde zilizopita mara kiwango fulani. Inapanda hata seva ikizimwa. Aliyeiandika alifuata tiketi, na lidi wake akaipitisha.

Mnakumbuka ya majiko. Januari 2024 watafiti wa chuo kikuu cha California, Berkeley, walichapisha kwenye jarida la Nature Sustainability kwamba hati za kaboni (zile zinazouzwa kama uthibitisho wa kaboni iliyookolewa) za miradi ya majiko waliyoipima zilikuwa zimezidishwa kama mara tisa. Sisemi sola ni hivyo hivyo, nasema wasomaji wa namba hizi siku hizi wana macho makali. Na kwa vile umesema wawekezaji: Umoja wa Ulaya una maelekezo namba 2024/825, yanaanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, yanakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa "haina athari ya kaboni" kwa kutegemea hati za kununua, na yanabana nembo za kijani zisizo na mfumo wa uthibitisho nyuma yake. Hiyo jani la bosi wako ni hilo hilo. Kama mnauza Tanzania tu sheria hiyo haiwashiki mkono moja kwa moja, lakini mwekezaji wa huku akiiona kwenye tovuti atauliza, na swali litakuja kwako kwa sababu wewe ndiye uliyeiweka. Nembo ya namna hiyo mwambie bosi aielekeze kwa mwanasheria, usigombane naye wewe.

Nini cha kuweka badala yake? Weka kitu mnachokijua. Mitambo mingapi inawaka leo. Mingapi imetengenezwa badala ya kubadilishwa mwezi huu, hii ukiipata kutoka kwenye fomu ya yule fundi itakuwa namba nzuri kuliko tani zote. Na kila namba iwe na kiungo kidogo chini yake, "tumehesabuje", mtu akibonyeza aone. Hapo frontendi inafanya kazi ya uongozi kweli maana kile kiungo kikikosa cha kuonyesha, namba haitoki.

Kuhusu wapi mhosti, kwa kuwa ataibuka mtu kuuliza: bara letu lina chaguo chache. Ukiweka klaudi Cape Town uko karibu kidogo lakini umeme wa Afrika Kusini sehemu kubwa ni makaa ya mawe. Stockholm umeme ni safi ila ni mbali. Kwa apu ya mawakala mimi ningejali zaidi mafaili yakae kwenye kashe ya karibu (nakala zilizowekwa jirani na mtumiaji), kampuni ya Cloudflare wana vituo Nairobi na Mombasa, na zaidi ya yote yakae ndani ya simu yenyewe ili yasitumwe tena kila asubuhi. Hilo swali la klaudi ni la watu wa miundombinu, usilibebe wewe katika miezi yako ya mwanzo, una mengi.

---

Nyundo amejibu:

@mpwani_berlin "inapanda hata seva ikizimwa" 😂😂 nimecheka peke yangu kwenye daladala

---

binti_skrini amejibu:

Wakuu mmenipa zaidi ya nilichoomba. Shikamooni wote mlionizidi, na fundi_wa_kati wewe kama uko tayari nitakutumia ujumbe, nataka uongee na timu yangu kwa simu nusu saa, tutakulipa muda wako, sitaki bure.

Nimeongea na bosi leo mchana. Hiyo ya 3D imeingia mwakani, hajaiua lakini imesogea. Hesabu ya Fuso ilimchekesha, ya Nature Sustainability haikumchekesha, alinyamaza akampigia mtu wa fedha hapo hapo kuuliza zile tani nani aliziandika kwenye ripoti ya mwaka jana. Jibu bado halijaja.

Bro wangu nimempa fomu ya mafundi. Aliuliza swali moja tu, "na picha tunaziweka wapi kama simu imejaa?", na ukweli sikuwa na jibu. Kuna mtu amewahi kukutana nalo? Simu za mawakala zimejaa video za WhatsApp mpaka shingoni, IndexedDB si itafutwa na Chrome yenyewe nafasi ikiisha?

---

wanjiku_dev amejibu:

Huyo bro ni mzuri, mshike. Ndio, Chrome inaweza kufuta ikikosa nafasi. Omba hifadhi ya kudumu kwa navigator.storage.persist(), Chrome haiulizi mtumiaji, inaamua yenyewe, na mara nyingi inakubali kama apu imewekwa kwa skrini ya mwanzo, so wafundisheni mawakala waiweke hapo. Alafu pima nafasi kabla ya kufungua kamera, kuna storage.estimate(), lakini hiyo ni makadirio tu, usiitegemee peke yake. Ikiwa imebaki kidogo mwambie fundi mapema, kabla apande mlima, "simu imejaa, futa kitu kwanza". Na punguza picha KABLA ya kuihifadhi, usihifadhi ile kubwa ukapanga kuipunguza wakati wa kutuma, wengi hufanya hivyo.

---

fundi_wa_kati amejibu:

dada nitumie tu ujumbe, ila iwe jioni baada ya saa moja, mchana sina mtandao. na hiyo ya kusema simu imejaa iwe kwa kiswahili tafadhali, ile ya sasa inaandika kizungu chekundu tunabonyeza tu ok ok